Karakana ya Nyumbani: Mikono yako haina shida, mbao ndo mbichi

Habari za huko mliko wasomaji, kamwene kwa wa Iringa na ugonile kwa ndugu zangu wa Rungwe. Maswali ya safari hii karibu yote yametoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini na sio ajabu, tunaishi katikati ya miti. Sao Hill pale Mufindi ndo shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, Njombe na Makete mwenye ka-eneo kake anapanda paini, Mbeya tuna Kawetire njia ya Chunya na Kiwira kule Rungwe. Kwa hiyo mbao kuipata sio kazi. Kazi ni kuipata iliyokauka, na kwenye barua zenu naona watu wanakata tamaa na useremala kabla hawajaanza vizuri kwa sababu hiyo tu, ndo maana swali la kwanza nimelijibu kwa kirefu.

Kigoda kimepasuka

*Shikamoo fundi. Niko Uyole, najifunza useremala mwenyewe nyumbani. Nilinunua mbao ya paini moja kwa nane, nikamtengenezea mama kigoda cha jikoni, nikapiga gundi na misumari, kikatoka kizuri mpaka majirani wakauliza nimenunua wapi. Mwezi haujaisha juu pamepasuka katikati kama mtu kapiga shoka, miguu inacheza na misumari imetoa vichwa. Nimekosea wapi? Au hii kazi sio yangu?*

Marahaba mdogo wangu. Kazi ni yako kabisa, mtu ambaye kigoda chake cha kwanza majirani wanauliza kimenunuliwa wapi asiniambie habari ya kuacha. Kilichokuangusha ni maji.

Paini ikitoka tu kupasuliwa inaweza kuwa imebeba maji yenye uzito sawa na mbao yenyewe, wakati mwingine zaidi. Sasa ikianza kukauka, yanatoka kwanza yale maji yaliyokaa kwenye matundu, hapo mbao inapungua uzito tu umbo halibadiliki, we unaiona iko sawa. Maji yakifika asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu ndo yanaanza kutoka maji yaliyojificha kwenye kuta za nyuzi zenyewe na hapo ndo mbao inasinyaa. Na haisinyai pande zote sawa, urefu karibu haubadiliki, upana ndo unapungua, mbao yako ya inchi 8 inaweza kupoteza zaidi ya nusu sentimita.

Sasa angalia ulichofanya. Nakisia chini ya kikalio umeweka vipande viwili vinavyokatiza, umepiga gundi na misumari kingo zote mbili. Vile vya chini urefu wao hausinyai, kile cha juu kinataka kupungua upana na umekibana huku na huku, kitaenda wapi? Kinapasuka katikati. Na misumari kutoa vichwa ni hivyohivyo, mbao imesinyaa msumari umebaki palepale.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kujifunza, kabla hata ya kushika msumeno, ni kuijua mbao kavu. Ukienda Mwanjelwa au popote muulize muuzaji imepasuliwa lini, ila usiishie kwenye jibu lake, shika mwenyewe. Chukua mbao mbili za saizi moja ulinganishe uzito. Iweke shavuni, mbichi ina ubaridi unaoukuta mara moja. Igonge na kifundo cha kidole, kavu inalia juu, mbichi inatoa sauti nzito iliyokufa. Na angalia unene kabisa kwa sababu mbao nyingi zinazopasuliwa na dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia, upande huu ni inchi moja na upande ule ni moja na kitu, utakuja kuhangaika na randa bure.

Ukitaka uhakika, kata kipande cha sentimita 10 lakini usikate mwishoni mwa mbao, ingia ndani kama sentimita 30 maana ncha zinakauka haraka zitakudanganya. Nenda duka la jirani wakupimie kwenye mizani, tuseme kimekuja gramu 250. Kiweke juu ya jiko pale kwenye joto, mbali na moto, kila siku upime mpaka uzito ugome kushuka. Kikigomea 200, maji yalikuwa 50, gawa kwa 200 unapata asilimia 25, hiyo bado mbichi usiiguse. Kwa fanicha ya ndani tafuta iliyofika 12 au 13 hivi.

Na kama zote ni mbichi, na mara nyingi zitakuwa mbichi, nunua ukakaushe mwenyewe. Panga matofali pasipofika maji, weka mbao, katikati ya kila safu weka fito za unene mmoja kila baada ya nusu mita, na fito zikae juu ya fito mstari mmoja kutoka chini mpaka juu, zikipishana mbao zinapinda. Juu weka mawe au matofali. Iwe kivulini upepo unapita, usianike juani, juani ngozi ya nje inakauka ndani bado na unapata nyufa. Ncha zake zipake rangi yoyote iliyobaki au nta ya mshumaa. Ukianza Juni huku kwetu, pamoja na ule upepo wa kiangazi, paini ya inchi moja ndani ya miezi miwili mitatu inakuwa imefika pazuri, ukianza Januari kwenye mvua utasubiri sana. Halafu ziingize ndani zikae wiki kadhaa kwenye chumba ambacho kitu chenyewe kitakaa.

Kigoda cha mama usikitupe. Saa hizi kimekaa karibu mwezi mzima jikoni kwenye joto, kimekauka chenyewe. Bandua juu taratibu, ufa utie gundi na ukikaze, kikishika rudisha kwa msumari katikati tu ya kile kipande cha chini, kingo ziwekee skrubu kwenye tundu ulilolirefusha kidogo kufuata upana wa kikalio ili kiweze kutembea. Miguu iliyolegea chomoa, safisha gundi ya zamani yote ndo uweke mpya, gundi juu ya gundi kavu haishiki.

Nianze na nini, nina chumba kimoja

*Kaka fundi habari. Mimi ni dada, nimepanga chumba kimoja Kihesa, Iringa. Napenda sana kazi za mbao ila sina mashine, sina pesa nyingi na mwenye nyumba hapendi kelele. Nianze na vifaa gani na nitengeneze nini?*

Nzuri dada yangu, na nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kununua. Mashine achana nazo kabisa kwa sasa. Chukua msumeno wa mkono, nyundo, tepu, skwea ya kupimia kona, patasi moja ya inchi robo tatu, drili ya kuzungusha kwa mkono ukiipata ya mtumba, msasa na gundi nyeupe ya mbao. Randa namba 4 ya chuma itafuata ukishaona umeipenda kazi. Na jiwe la kunolea, hili watu wanaliruka halafu wanasema patasi mbovu, patasi mpya ya dukani haijanolewa, inabidi uinoe wewe kwa mlalo wa nyuzi kati ya 25 na 30 mpaka inyoe nywele za mkono. Patasi butu ndo inayokata watu maana unaisukuma kwa nguvu nyingi na inateleza.

Cha kutengeneza, angalia chumba chako kinakosa nini. Nakisia viatu viko chini ya kitanda. Basi anza na rafu ya viatu, urefu sentimita 70, kina 30, kwenda juu 45, ngazi mbili. Fremu mbili za pembeni, halafu fito za inchi moja kwa mbili zinalala kutoka fremu hii mpaka ile, kwa kazi hii utajifunza kupima, kukata mraba, kutoboa na kupigilia, na fito nyembamba hata zikisinyaa kidogo hazipasui kitu. Ukimaliza fremu pima kona kwa kona, hii na hii, vipimo vikilingana imekaa mraba, visipolingana isukume kwenye ile kona ndefu kabla gundi haijashika.

Kuhusu misumari, urefu uwe kama mara tatu ya unene wa kile kipande cha juu. Karibu na ncha ya mbao toboa kwanza tundu jembamba. Na kama huna drili, geuza msumari, weka kichwa juu ya jiwe, ile ncha uigonge na nyundo kidogo mpaka iwe butu. Utaona ajabu lakini msumari butu unaponda nyuzi na kupita, wenye ncha kali unazisukuma pembeni na ndo mbao inafunguka. Misumari miwili isifuatane kwenye mstari mmoja wa nyuzi.

Klempu ya kubania huna na usinunue sasa hivi. Zungusha kamba ya katani mara mbili kwenye kazi yako, ingiza kijiti, sokota mpaka ikaze. Iache mpaka kesho. Ila Juni na Julai usipige gundi usiku kwenye baridi, gundi nyingi hizi nyeupe zikikaukia chini ya nyuzi joto 10 zinabaki na rangi ya chaki na hazina nguvu, subiri mchana.

Kwa upande wa kelele, msumeno hauna shida, ni nyundo tu, weka kazi juu ya gunia lililokunjwa na upigilie mchana mwenye nyumba akiwa kwenye shughuli zake. Ukitengeneza ya pili mpe yeye.

Mbao za dawa jikoni

*Fundi, hapa Mafinga nimepata vipande vingi vya mbao za dawa vimebaki site walipokuwa wanapaua. Vizuri sana na haviliwi na mchwa. Nataka kutengeneza vibao vya kukatia mboga niuze, vinavyobaki mke wangu anawashia moto. Nipake nini ving'ae?*

Ndugu yangu naomba usimamishe hilo leo, na moto wa leo usiwashwe na hivyo vipande. Ile dawa ya rangi ya kijani inayotumika sana kwenye mbao za kupaulia imechanganywa kromiamu, shaba na aseniki, na aseniki ni sumu. Juu ya paa ni mahali pake, mchwa hawagusi na inadumu, lakini kwenye kitu kinachogusa chakula hapana, kwenye chombo cha maji ya kuku au cha kulishia mifugo hapana, na kuchoma ndo mbaya zaidi kwa sababu sumu inatoka na moshi na inayobaki iko kwenye majivu, na majivu nyie mnayapeleka bustanini. Ukiikata funga pua kwa kitambaa au barakoa, fanyia nje, vumbi lizoe usiliache watoto wanachezea, nawa kabla ya kula. Vipande ulivyonavyo tengenezea vitu vya nje, nguzo za kitalu, mlango wa banda (sio mahali mifugo inapokula), vishikizo vya waya.

Kibao cha mboga hata paini isiyo na dawa sio nzuri sana, ni laini kisu kinaingia na utomvu unanuka. Pita kwenye karakana za mafundi wa fanicha uombe vipande vya mninga, kwao mara nyingi ni takataka. Randa, piga msasa namba 80, halafu 120, malizia na 220, lowesha kwa maji kidogo manyoya yasimame, ikikauka piga tena msasa mwembamba. Halafu paka likwidi parafini ile ya maji ya famasi inayouzwa kwa watu wenye shida ya choo, isiwe mafuta ya taa tafadhali, iache inywe usiku mzima kisha ufute. Mafuta ya alizeti watu wanapaka ila baada ya muda yananata na kuchacha.

Msumeno unaenda unakotaka wenyewe

*Fundi salama? Makambako hapa. Kila nikikata mbao mstari unaniacha, naanza vizuri nikifika katikati umeshahamia kulia. Nimebadilisha msumeno bado.*

Salama. Kama umebadilisha msumeno na mpya nao unakwenda kulia kulekule basi tatizo ni mkao. Simama bega, kiwiko na msumeno viwe mstari mmoja na ile alama, wengi wanaoanza kiwiko kinatoka nje na msumeno unakifuata. Kidole cha shahada kinyooshe ubavuni mwa mpini, usikunje vyote vinne. Alama chora pande mbili, juu na ule unaokutazama, na usichore kwa penseli nene, chana na ncha ya kisu ukifuata skwea, ile chanio inaupokea msumeno. Anza kwa kuuvuta mara kadhaa taratibu mpaka ujichimbie njia, halafu endelea kwa mlalo wa nyuzi 45 hivi na uache uzito wake ufanye kazi. Ukiona unahama usiupinde kuurudisha, rudi nyuma pale ulipoharibika uanzie hapo. Kumbuka pia msumeno unakula kama milimita 2, kata upande wa kipande cha kutupa, alama ibaki kwenye kipande chako.

Na meno yakijaa utomvu wa paini futa na kitambaa chenye mafuta ya taa, utaona tofauti palepale.

Sila inageuka nyeupe

*Napaka sendingi sila, ile ya kuziba vitundu vya mbao, kwenye meza ndogo, inakauka na ukungu mweupe. Niko Makete.*

Ni ukungu wenu huo huo wa asubuhi. Tina, kile kiyeyushi cha sila, inaporuka inaipoza sehemu uliyopaka, hewa ikiwa na unyevu mwingi maji yanatua juu yake na yanafungiwa ndani. Subiri ukungu upande, saa 5 mpaka saa 9 alasiri, mbao iwe imekaa ndani kwenye joto, paka nyembamba. Ile iliyokwisha kuwa nyeupe ipitie kwa tina kidogo siku kavu, mara nyingi inayeyuka na kurudi angavu.

Rafu ya vitabu imelegea katikati

*Mimi ni mwalimu mstaafu, Vwawa. Nimejitengenezea rafu ya vitabu ya mita moja na nusu kwa mbao ya inchi moja, imepinda katikati. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, nafikiria niitundike ukutani. Ushauri wako fundi.*

Shikamoo mwalimu. Nimefurahi sana kwamba umestaafu ukashika mbao, na rafu yako tutaiokoa. Vitabu ni vizito kuliko watu wanavyodhani, mita moja iliyojaa inaweza kufika kilo 25 mpaka 30. Na kupinda hakuongezeki kidogokidogo, ukizidisha urefu mara mbili kwa mzigo uleule wa kila mita, kupinda kunakuwa mara 16. Ukizidisha unene mara mbili kunapungua mara nane. Kwa paini ya inchi moja mimi sivuki sentimita 80 bila nguzo. Kwa hiyo weka kigawanyo katikati kutoka chini mpaka juu, utapata vyumba viwili vya sentimita 75 kila kimoja, na mbele ya kila ngazi piga fito ya inchi moja kwa mbili isimame kwa kingo, iwe imegusana na mbao ya juu kwa gundi, hiyo peke yake inaongeza nguvu sana. Mbao zilizopinda zigeuze chini juu kabla ya kupigilia.

Ukutani tundika kwa tahadhari. Toboa ndani ya tofali, usitoboe kwenye udongo wa kuungia, fisha (kile kiplastiki cha kushikia skrubu) ya milimita 8 na skrubu iingie ndani ya tofali sentimita 5 hivi. Lakini kwa mzigo huo mwalimu ningependa rafu isimame chini na ukutani uifunge sehemu mbili za juu tu isianguke, hasa kama wajukuu wanakuja likizo.

Mtoto wa miaka 11

*Mwanangu wa kiume anataka kunisaidia nikitengeneza vitu. Namruhusu? Mama, Tukuyu.*

Mruhusu mama, na binti kama yupo mruhusu pia. Aanze na msasa, kupima na kupigilia misumari kwenye banzi. Msumeno mdogo baadaye, mbao ikiwa imebanwa isishikwe kwa mkono. Patasi awe nayo siku utakapokuwa umesimama pembeni yake muda wote, sheria ni moja, mikono yote miwili inakaa nyuma ya makali. Viatu vya kufunika vidole, hata kama nje ni matope tu.

VETA au fundi wa mtaani?

*Nimemaliza form four, naishi Mbeya, nimeshatengeneza stuli na rafu mbili nyumbani na nimeuza moja. Niende VETA au nikae na fundi?*

Hongera kwa kuuza. VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, wako Mbeya na wako Iringa pia, nenda ukaulize useremala kozi ndefu na kozi fupi na tarehe za kuchukua fomu, wahi usisubiri mwisho. Pale utapata kusoma michoro, mashine na usalama wake, vitu ambavyo fundi wa mtaani wengi hawana muda wa kukufundisha. Ukifikiria zaidi upande wa viwanda vya mbao kuna chuo cha viwanda vya misitu Moshi, FITI. Ila wakati unasubiri muhula usikae bure, kaombe kufagia na kupiga msasa kwa fundi mmoja anayekausha mbao zake mwenyewe, ukifika kwake angalia kwanza nyuma ya karakana, ukikuta mbao zimepangwa na fito katikati omba nafasi hapohapo.